Silvia, Tadea na Kadi ya Bima

Mume wangu Ansbert hanunui hata kiberiti bila kulinganisha. Ukimtuma chumvi, atapita maduka yote matatu ya hapa Ntobeye, atapima pakiti kwa kiganja, atauliza imetoka wapi na imekuja lini, na wewe huku mboga imeiva mpaka imepoa. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha kahawa miaka ishirini na saba, na mizani ile ilimwingia mwilini. Mwaka tuliotaka jembe jipya alichukua wiki tatu. Alifungua daftari, akapiga mistari kwa rula: jembe la kwanza huku, la pili huku, uzito, mpini, litakaa miaka mingapi. Mvua ikaanza, majirani wakapanda maharage, sisi tunapanda mistari. Niliazima jembe kwa jirani nikalima, na nilipomaliza ndipo bwana akatokea na jembe begani. Ni zuri, sikatai. Mpaka leo lipo.

Mimi naitwa Evarista, kwetu ni Mabawe, na madaftari ya huyu mwanamume nayajua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi mwenyewe nimepita humo. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, bwana harusi amejaa furaha na rubisi kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, aliniambia kwa sauti ya kunisifu kabisa, "Unajua ulimshinda Francisca kwa alama mbili?" Francisca yupi? Kumbe alikuwa na wasichana wawili moyoni, mimi na Francisca wa Rulenge, akatupigia mistari. Kulima, kupika, kusali, ukoo. Francisca aliangushwa na kucheka ovyo. Nilinyamaza, maana nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi hapigi mtu. Lakini nililiweka. Miaka thelathini na moja nimeliweka.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Mwaka jana, kuanzia zile mvua za Machi, jogoo wa nyumbani kwangu aliacha kuwika. Watu wazima wamenielewa, watoto waende wakachote maji. Mwanzoni nilisema ni uchovu. Kisha Ansbert akaanza uchaji. Mtu ambaye miaka yote alisali Baba Yetu moja akiwa ameshaingia shukani, sasa anapiga magoti na rozari, matendo ya furaha, ya uchungu, ya utukufu, na kila nikifumbua jicho moja bado yuko kwenye Salamu Maria. Hainuki mpaka asikie nakoroma. Nami nikajifunza kukoroma huku niko macho, nimsikie anavyopanda kitandani taratibu kama mwizi wa ndizi, anageukia ukuta. Nikimgusa bega anasema mgongo. Mgongo, mgongo, mgongo, miezi mitano!

Sikumuuliza. Hilo ni kosa langu na nalisema wazi. Sisi tulifundishwa kwamba mwanamke hamuulizi mumewe jambo la namna hiyo, anasubiri. Na akichoka kusubiri anaanza kuwaza. Mwanamume akigeukia ukuta nyumbani, nikajiambia, basi kuna mahali anageukia mlango.

Halafu zikaja safari za Nyabusozi. Nyabusozi iko Biharamulo, wilaya ya watu wengine, huko hatuna hata shemeji. "Naenda kuangalia mbuzi," anasema. Akaenda mara ya kwanza, hakurudi na mbuzi. Mara ya pili, hata kamba hakuja nayo. Mara ya tatu akavaa shati la Pasaka. Nikuulize wewe unayefuga: mbuzi gani anaangaliwa kwa shati la Pasaka?

Siku moja mchana nachambua maharage uani, namsikia yuko nyuma ya migomba na simu. Masikio yangu ni mazima, namshukuru Mungu.

"Kwa hiyo Silvia hawezi kuingia kwenye kadi?" anasema. Anasikiliza. "Na Tadea naye? Hata mmoja? Ah, Derick, basi. Itabidi niwagharamie mwenyewe."

Maharage yakanimwagika. Maana kadi ni moja tu katika nyumba ile, kadi ya bima ya afya, nayo inachukua watu sita wa kaya moja. Sisi tumeandikwa wanne: yeye, mimi, binti yetu Ineza aliye sekondari, na mama mkwe wangu. Nafasi mbili ziko wazi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Silvia mmoja, Tadea wa pili, kadi imejaa.

Nilisubiri atoke. Alipotoka kwenda kuangalia kahawa, nilipekua nyumba kama polisi. Godoro, mabegi, mifuko ya makoti, hakuna kitu. Daftari nililikuta ndani ya sanduku la mizani yake ya zamani, limefunikwa na gunia. Mistari ya rula, mwandiko wake ule wa karani, kila herufi imevaa tai. Liliandikwa hivi, nalijua kwa moyo:

SILVIA 50. Anaanza baada ya saa moja. Saa nne, basi. Hapatani na mafuta. Mwenye ugonjwa wa moyo asimguse, anaua. Bei nafuu.

TADEA 20. Polepole, lakini anakaa saa 36. Anaweza hata bila kula. Ghali kiasi.

VERDIANA. Kama Silvia. Huku hapatikani, labda Mwanza.

KADI: wote watatu hawamo. Uliza tena.

Nilisoma nimesimama, nikasoma nimekaa, nikasoma nimeshika kichwa. Yesu na Maria! Silvia wa miaka hamsini, haya, huyo ningemmeza kwa maji. Lakini Tadea ishirini? Ineza wetu ana kumi na nane! Na saa thelathini na sita! Mimi wa halali napewa mgongo, mtoto wa watu anakaa siku nzima na nusu, tena bila kula! Na huyo Silvia anayeua wagonjwa wa moyo ni mwanamke au ni fisi? Tena ameandikwa bei! Nililia, nisiwadanganye. Nililia mpaka kamasi, nikaapa kwamba safari hii sitashindanishwa na mtu kwenye daftari.

Sasa, Verdiana wa Mwanza simjui, Tadea simjui. Silvia tunaye. Yuko kwaya yetu, mjane, anaimba sauti ya pili, na miaka yake ndiyo hiyo hiyo hamsini na kitu. Jumapili, padre aliposema tutakiane amani, alininyooshea mkono nikampita kama nguzo ya umeme. Lakini nikasema nisimhukumu mtu bila ushahidi. Baada ya misa nikamfuata pale nje.

"Dada Silvia," nikamuuliza, "hivi wewe chakula cha mafuta unakipenda?"

"Ah, dada yangu," akasema, "mafuta na mimi tuliachana zamani. Yananisumbua nyongo."

Nikaona giza. Hapatani na mafuta! Imeandikwa! Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Basi endelea kukaa nayo mbali, hasa ya jikoni kwangu." Maskini akanishukuru, akadhani namhurumia nyongo yake.

Jumatatu nikafunga nguo zangu kwenye vitenge viwili. Lakini ndoa ya kanisani haivunjwi kwa vitenge viwili. Kwanza unapita kwa wasimamizi wa ndoa, wale mume na mke waliosimama nanyi altareni siku ya harusi, maana wao ndio walezi wenu mpaka kufa. Ukiwaruka, hata kaka zako watakurudisha na kukuchapia maneno njiani. Wasimamizi wetu ni mzee Anatoli na mkewe, mama Restituta. Nikajiambia: daftari lisomwe mbele yao, Ansbert ajibu. Akishindwa kujibu, natoka pale moja kwa moja hadi Mabawe, sirudi kuchukua hata sufuria. Na nilikuwa sifanyi mchezo. Miaka thelathini na moja ilikuwa ndani ya vile vitenge.

Nilifika saa nne asubuhi, nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba huku wanaangalia mizigo yangu. Mzee akampigia Ansbert simu. Alikuja mbio, bado ana matope ya shambani, akaona vitenge, akaona daftari mkononi mwa mzee. Alikaa kwenye kigoda akavua kofia. Rangi yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa na mkaguzi wa hesabu.

Mzee Anatoli akavaa miwani. Ni Mhangaza wa zamani, kwake l na r ni ndugu wa tumbo moja, na r ndiye anayekalia viti vyote viwili.

"Sirivia hamsini," akasoma. "Anaanza baada ya saa moja. Saa nne, basi." Akakohoa. "Tadea ishirini. Porepore, rakini anakaa saa therathini na sita. Anaweza hata bira kura."

"Kura za nini?" akauliza mama Restituta. "Za kigango?"

"Ni kula, mama," nikasema kwa uchungu. "Kula chakula. Huyo binti hahitaji hata chakula."

Mzee akavua miwani. "Mwanangu Ansbert. Nirisimama na wewe artareni. Niambie, huyu binti wa miaka ishirini ni wa nani?"

Ansbert akaikamata kofia kwa mikono miwili. "Si miaka, baba msimamizi."

"Ni nini? Kiro?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

"Miligramu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko hizo miligramu zenyewe.

"Mwanamke wa miligramu!" Nilikuwa nimeshasimama, kitenge kimoja mkononi. "Mmesikia wenyewe! Sasa hata wanawake anawapima kwenye mizani!"

Lakini mama Restituta alikuwa ametulia ghafla. Yeye humeza kidonge cha presha kila asubuhi, na kila asubuhi anasoma pakiti. Akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika.

"Evarista," akasema, "kaa chini, mwanangu. Hao si wanawake. Hao ni vidonge."

"Vidonge vya nini?" nikauliza, mjinga mimi.

Kuku akapita mlangoni, akatuangalia, akaondoka. Ansbert akaizungusha kofia yake mara mbili, tatu.

"Vya mgongo," akasema.

Mama Restituta alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Mzee Anatoli alijitahidi, kwa sababu ya cheo, kisha naye akaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado napanga kichwani vitu vyote upya, Nyabusozi, shati la Pasaka, rozari, na vyote vilikuwa vinakaa mahali pake kimoja kimoja. Ansbert akaeleza huku anaiambia kofia. Kwamba alikwenda Nyabusozi kwa sababu huko hakuna anayemjua. Kwamba kwenye zahanati moja huko kuna tabibu kijana, Derick, aliyemweleza dawa zilizopo, akazilinganisha kama kawaida yake, na akauliza kama kadi ya bima inalipia hata moja, na hailipii hata moja. Majina ya dawa ni marefu, ya kizungu: sildenafil, tadalafil, vardenafil.

"Nikazibatiza, hata Derick anayajua majina hayo," akasema. "Niliogopa ukiliona daftari utajua."

"Nitajua nini, baba Ineza?"

"Kwamba nimekwisha."

Hapo nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Mwanamume wa miaka sitini na moja, na matope miguuni, anaona aibu mbele yangu mimi niliyemzalia na kumwosha alipougua taifodi. "Yaani uliona heri niamini una wanawake watatu," nikamwambia, "kuliko nijue una mgongo?"

"Sikujua unaamini hivyo. Kila nilipotaka kukuambia ulikuwa umelala. Ulikuwa unakoroma."

Jamani. Nilikaa chini. Nilicheka mimi sasa, na machozi yalikuwa yanatoka, na sijui yalikuwa ya upande gani. Mama Restituta akanichukulia vile vitenge akavipeleka chumbani kwake, nisije nikabadili mawazo. Na tulipokuwa tunaaga, mzee Anatoli akamvuta Ansbert pembeni, akidhani hatusikii.

"Huyu Tadea," akanong'ona, "saa therathini na sita, ni kweri?"

"Anatoli!" mkewe akaita.

"Nauriza tu! Kwa faida ya vijana!"

Wiki iliyofuata tulikwenda Nyabusozi wawili, na shati la Pasaka nililipiga pasi mimi. Derick ni kijana wa heshima, alituamkia vizuri, akaniangalia, akamwangalia Ansbert, akasema, "Mzee, leo umemleta aliyetakiwa kuja siku ya kwanza." Nikamuuliza hiyo bima ina roho gani, inakata pesa za watu halafu inakataa kulipa. Akanieleza kwamba vile vidonge havimo kwenye orodha ya kadi yetu, hata ungelia. Lakini kuna kitu alimwambia mzee tangu mwanzo akifanye, nacho kadi inakilipia chote: apime sukari na presha.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulipima?"

"Sikwenda kwa ajili ya sukari," akasema. "Haikuwa kwenye daftari."

Ndivyo alivyo. Alilinganisha dawa tatu kwa wiki kumi, ugonjwa hakuuangalia hata dakika moja. Derick akamchoma kidole palepale. Kimashine kikasoma kumi na sita, na yule kijana akaacha kutabasamu. Alisema sukari ya namna ile huharibu mishipa kimyakimya, kwamba kwa wanaume wengi mgongo wa aina hii ndiyo dalili ya kwanza, na ikiachwa inakwenda kwenye macho, figo, miguu. Alisema pia angemeza vidonge vya kuokoteza dukani bila kupimwa moyo na presha, lile neno "anaua" kwenye daftari lingekuwa la kweli. Mtu niliyekuwa namfungia vitenge kumbe alikuwa anaumwa, na mimi nahesabu nafasi za kadi.

Basi dawa za sukari, kadi ikalipia. Vipimo, kadi ikalipia. Kupunguza ndizi, kuacha rubisi na chai ya vijiko vitano, hiyo nililipia mimi kwa kelele zangu. Alinuna, alinilinganisha na mkuu wa gereza, nikamwambia aandike kwenye daftari. Miezi minne, sukari ikashuka. Derick akampima moyo, akaridhika, akamwandikia cheti cha mmoja wa wale watatu, tukamnunua kwa pesa yetu wenyewe. Ni nani aliyeshinda kati ya Silvia na Tadea, hilo sitamwambia mtu, hata mzee Anatoli aliyekuja kuuliza mara mbili kwa faida ya vijana. Nitasema tu kwamba rozari yetu imerudi kuwa Baba Yetu moja, na wakati mwingine hata Amina haisikiki.

Silvia wa kwaya nilimpelekea kuku. Akaniuliza ni wa nini, nikasema ni wa ile amani niliyomnyima Jumapili ile. Haelewi mpaka leo, na kila anapoimba sauti ya pili mimi nainama najifanya natafuta kitabu cha nyimbo.

Wiki iliyopita Ansbert alikuwa shambani, nikalitoa daftari kwenye sanduku la mizani. Chini ya Verdiana kulikuwa na nafasi. Nikachukua rula yake, asije akalalamika mstari umepinda, nikaandika:

ANSBERT 61. Anachelewa kuanza. Hapatani na sukari. Hapatikani kwingine, hata Mwanza. KADI: yumo, na Evarista yumo. Alimshinda Modestus kwa alama mbili.

Alilisoma jioni hiyo amevaa miwani. Alitabasamu mstari wa kwanza, akatabasamu wa pili, alipofika wa mwisho akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

"Mama Ineza," akasema. "Modestus yupi?"

Ni wiki ya pili sasa ananiuliza. Kila usiku, mara akimaliza hiyo Baba Yetu yake, Modestus yupi, wa wapi, alikuwa na nini. Mimi nakoroma.